Kuta Mbili za Kakakuona

Kila Jumamosi, kabla wanaume wa chama cha kukarabati magari ya zamani ya vita hawajavaa ovaroli zao, Enid Sardeson alikata mkate wa zabibu vipande vinene, akavipaka siagi mpaka kingoni, akapanga vikombe kwenye meza ndefu. Chai aliimimina mwenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa buli.

"Dada Enid, leo umetubania siagi," alisema Colin Brackenbury huku akinyoosha mkono kuchukua kipande cha pili. Colin alikuwa dereva wa basi mstaafu. Mdomo wake haukuwa umestaafu.

"Ukitaka siagi nyingi, fuga ng'ombe."

"Au nihamie Kanada kwa kaka yako. Nasikia kule siagi bwerere."

Enid hakucheka. Alifunika buli taratibu. "Kaka yangu hata kadi ya Krismasi hajui kutuma. Ndiyo atakupa wewe siagi?"

Colin akajua amegusa pabaya. Kila mtu pale kijijini Skelby alijua habari za Neville Sardeson, aliyeondoka kiangazi kile cha ukame, mwaka 1976, bila kumuaga dada yake. Mama yao alikufa akiwa bado anamchungulia tarishi dirishani. Enid aliacha kungoja. Kukasirika hakuacha.

"Samahani, dada. Nina ulimi mrefu."

"Kamalize kazi yako. Chai ikipoa sipashi."

Colin akabeba kikombe, akavuka uwanja kuelekea banda kubwa. Enid alikuwa anafuta makombo mezani aliposikia sauti yake. Alizifahamu kelele zote za wanaume wale: ya kidole kilichobanwa, ya spana iliyoangukia mguu. Hii haikuwa mojawapo. Alitupa kitambaa akakimbia.

Bandani, Colin alikuwa amesimama nyuma ya lori, bisibisi mkononi. Kokoto zilikuwa zimemwagika mpaka kwenye buti zake. Katikati ya kokoto kulikuwa na kitambaa kizito cha rangi ya buluu iliyochanganyika na kijivu, na juu ya kitambaa, taya la mtu lenye meno yake.

"Usiangalie, dada."

"Nimekwishaangalia."

Kisha Colin akasema jambo la kwanza lililomjia kichwani.

"Leslie atatuua."

*

Inspekta Ruth Odling alifika kutoka Lincoln na Sajini Keith Maltby. Utepe wa polisi ulizungushwa, mpiga picha akaanza kazi. Ruth alilizunguka lori lile bila kuligusa.

Wenyewe waliliita Kakakuona. Lilikuwa lori la tani tatu, na mgongoni lilibeba sanduku la mbao lisilo na paa, lenye kuta mbili kila upande, na katikati ya kuta kokoto za kuzuia risasi. Mwaka 1940, Wajerumani walipotazamiwa kushuka kwa miavuli siku yoyote, wanajeshi wa anga walijiundia magari ya deraya ya namna hiyo kulinda viwanja vyao. Watu wa Skelby walisema sanduku hilo ndilo pekee lililosalia.

"Nani aliufungua ukuta?" Ruth aliuliza.

"Mimi," Colin alisema.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ndiyo tabu yenyewe, Inspekta. Bila ruhusa."

"Lori la nani?"

"La chama. Ila Leslie Grummitt ndiye aliyeligundua, na hakuna anayeruhusiwa kuligusa ila yeye. Sasa mbao za chini zimeoza, kokoto zinavuja. Leslie yuko hospitali tangu juzi, amepasuliwa jicho. Tukasema tumtengenezee kabla ya maonyesho. Akirudi afurahi."

"Yaani mlimngoja aondoke."

"Tulitaka kumfurahisha."

"Watu wengi huniambia hivyo."

Ruth aliinama kuzitazama mbao zilizong'olewa.

"Mbao ulizitoaje?"

"Kwa bisibisi tu. Nilikuja na patasi, nyundo, mpaka msumeno, nikijua skrubu zimeng'ang'ana kwa kutu. Wapi! Zilitoka laini. Kila moja ina grisi."

"Hiyo ni kawaida?"

"Si kawaida hata kidogo. Lakini Mungu akinipa bahati, mimi siulizi maswali."

Ruth aliyauliza moyoni. Hakumwamini Colin, na hakumwamini pia yule mwanamke wa chai, aliyesimama mlangoni mtulivu kupita kiasi, akikunja na kukunjua aproni yake.

Teksi ikasimama nje. Akashuka mzee mrefu, mwembamba, tai shingoni, jicho moja limefunikwa kwa bendeji. Aliupita utepe wa polisi kana kwamba haupo.

"Nani ameufungua ukuta wangu?"

Ruth aliandika swali hilo akilini. Kila aliyefika asubuhi ile alikuwa ameuliza kwanza: ni nani aliyekufa? Leslie Grummitt hakuuliza.

"Bwana Grummitt, si ungekuwa hospitali?"

"Nimesikia. Nimekuja." Akainama juu ya kitambaa, mikono nyuma. "Koti la jeshi la anga. Tazama vifungo. Taji la mfalme, si la malkia. Koti la wakati wa vita."

"Na sanduku?"

"La mwaka 1940. Nililikuta kwenye shamba upande wa Horncastle, kuku wanalala ndani. Nikalileta lilivyo."

"Halijawahi kufunguliwa?"

"Kamwe."

"Kwa hiyo huyu ni nani?"

"Mwanajeshi. Waligombana, mmoja akafa, wakamficha mahali ambapo hakuna ambaye angetazama. Vita ilificha mengi."

Alisema kwa haraka, kama mtu anayesoma maneno aliyokwisha kuyapanga. Maltby aliyaandika yote.

"Inspekta, huyu mzee si wa kubishana naye," Colin alinong'ona. "Watu wanamtumia picha kutoka dunia nzima. Kipande cha boneti tu, anakwambia lori gani, la mwaka gani. Mwonyeshe nati ya gurudumu, atakwambia dereva alikuwa na mafua."

Enid alikuja na kikombe cha chai, akamshika Leslie kiwiko ili asijikwae.

"Leslie hakosei," alimwambia Ruth. "Akisema ni mtu wa vita, ni mtu wa vita. Maskini. Na huyo naye mama yake alingoja bure."

Leslie alikipokea kikombe. Hakunywa. Jicho lake moja lililobaki zima lilitazama kokoto, likatazama paa la banda, likatazama buti za Maltby. Uso wa Enid halikuutazama.

*

Mrakibu, mkuu wa Ruth, hakutaka habari ndefu.

"Mifupa ya vita, Ruth. Wakabidhi jeshi la anga, wamzike kwa heshima. Yaishe."

"Anayesema ni ya vita ni mtu mmoja tu, bwana."

"Mtaalamu."

"Mtaalamu ambaye lori ni lake."

"Kipimo cha kaboni cha kujua umri wa mifupa kitachukua majuma."

"Ndiyo maana nakuomba siku chache."

Mrakibu alishusha pumzi. "Chache kweli."

Katika chumba cha uchunguzi wa maiti, Dk. Moffat alikuwa ameipanga mifupa juu ya meza ya chuma kwa upole, kama mtu anayemlaza mgonjwa.

"Mwanamume. Mrefu. Umri wa miaka thelathini hivi. Fuvu limepasuka nyuma, kwa kuangukia au kupigwa na kitu cha chuma chenye ncha butu."

"Alama nyingine?"

"Kifundo cha mkono wa kushoto. Kilivunjika utotoni, kikaunga upande. Aliyemfunga hakuwa daktari."

"Na koti?"

"Hapo ndipo nilipotaka ufike." Moffat aliinua picha. "Hakulivaa. Mikono yake haikuwa ndani ya mikono ya koti. Alifunikwa nalo, kisha vifungo vikafungwa. Vyote, mpaka cha shingoni."

Maltby alikunja uso. "Nani anamfunga maiti vifungo?"

"Mtu nadhifu," alisema Moffat.

*

Ruth alirudi Skelby akamtafuta Colin.

"Nataka unifundishe kulitambua gari."

"Mimi? Leslie ndiye..."

"Nakutaka wewe. Leslie alikufundisha, sivyo?"

Colin alijikuna shingo. Akachukua kipande cha msasa na ndoo ya maji, akampeleka kwenye lori la mafuta lililokuwa pembeni. Alisugua ubavu wake kwa mviringo, polepole, mpaka rangi zikajitokeza moja ndani ya nyingine, kama pete za mti uliokatwa. Kijani juu. Chini yake nyekundu ya mkulima aliyelinunua baada ya vita. Chini kabisa, buluu na kijivu.

"Hiyo ya chini ndiyo ya jeshi la anga," alisema. "Gari linaweza kubadilishwa taa, viti, injini. Rangi ya kwanza haliiachi. Leslie anasema gari ni kama mtu, ukimsugua taratibu atasema alikozaliwa."

"Sugua Kakakuona."

"Leslie..."

"Sugua, Bwana Brackenbury."

Colin alisugua kwanza mlango wa dereva, kisha ubao wa sanduku. Ruth aliinama karibu. Alikuwa na hakika kwamba chini ya rangi ya ule ubao hakutakuwa na rangi nyingine.

Kijani. Nyekundu. Buluu na kijivu. Zote zilikuwepo, kila moja mahali pake.

"Si unaona?" Colin alipumua kwa nafuu. "La vita. Leslie hakosei."

Ruth alijisikia mjinga. Alikuwa ameomba siku kwa sababu tu mzee mmoja hakuuliza swali alilotarajia aulize. Alirudi nyuma, mikono mifukoni, akautazama ukuta wa kulia, ambao haukuwa umefunguliwa bado. Mbao ndefu, skrubu za chuma, safu juu ya safu.

Akasogea. Akatazama tena.

Kila skrubu ina mfuo kichwani wa kuingiza bisibisi. Mifuo yote ya ukuta ule ilisimama wima. Kila moja. Hakuna iliyolala, hakuna iliyoinama.

"Bwana Brackenbury, hii ni bahati tu?"

Colin alifuata kidole chake. Kwanza hakuelewa. Kisha uso wake ukabadilika, utani wote ukamtoka.

"Hapana," alisema kwa sauti ndogo.

"Nionyeshe kitu walichofunga wanajeshi wenyewe. Wakati wa vita."

Alimwonyesha kifuniko cha kasha la zana kilichookotwa kwenye mahandaki ya Skelby. Skrubu zilitazama kila upande. Vichwa viwili vilikuwa vimepondeka.

"Hizi zimefanywa nini?"

"Zimepigwa nyundo. Walikuwa na haraka, Inspekta. Walidhani Mjerumani anashuka kesho. Nani angehangaika na bisibisi?"

"Na nani huhangaika? Nani huzisimamisha wima hivi, akazipaka na grisi ili atakayekuja kuzifungua asipate tabu?"

Colin alitembea mpaka kwenye gari dogo la wagonjwa walilolikarabati mwaka uliopita, akafungua mlango, akaonyesha dashibodi. Mifuo wima, yote. Akaonyesha lori la kreni alilolitengeneza yeye: mifuo ovyo ovyo, kama kasha la wanajeshi.

"Tunamtania kila siku," alisema. "Tunamwambia, Leslie, wewe hata ukifunga jeneza lako mwenyewe utatoka kwanza uzinyooshe." Akaketi juu ya gurudumu. "Ee Mungu wangu. Huyo mle ndani ni nani?"

*

Enid alimkaribisha Ruth jikoni nyumbani kwake. Juu ya jiko viazi vilichemka.

"Bi. Enid, mwaka ule Bwana Grummitt alipoleta Kakakuona, kuna mtu alipotea hapa Skelby?"

"Hapana. Kuna aliyeondoka. Kaka yangu. Lakini hakupotea, alikwenda Kanada."

"Nani alimwona akiondoka?"

"Leslie. Walikuwa marafiki tangu shule. Alimpeleka stesheni kwa gari lake. Neville akamwambia aniage." Alipunguza moto. "Hebu fikiria. Dada yako uko naye nyumba moja, unaagiza watu wakuagie."

"Na barua?"

"Barua! Ningepata barua moja ningeitundika ukutani."

"Nguo zake alichukua?"

"Leslie alikuja kumchukulia begi. Nilikuwa kazini, mama ndiye aliyempa." Enid aligeuka. "Mbona unauliza habari za Neville?"

Ruth alitamani angekuwa mtu mwingine, mwenye kazi nyingine. "Aliwahi kuvunjika mfupa?"

Kijiko kilisimama mkononi mwa Enid.

"Kifundo cha mkono," alisema. "Wa kushoto. Alianguka kutoka kwenye trela la viazi. Baba akamfunga mwenyewe kwa kibao. Kikaunga upande, akawa anashindwa kukunja ngumi vizuri..."

Alivuta kiti akaketi. Viazi vikaendelea kuchemka na hakuna aliyevishughulikia.

"Naomba mate yako kidogo kwa kipimo cha vinasaba," Ruth alisema. "Sijui bado, Bi. Enid. Sitaki nikudanganye. Sijui."

"Nimemtukana," alisema Enid. "Nilimtukana kwenye mazishi ya mama, mbele ya watu wote. Nilisema sina kaka." Alitazama kiti kilichokuwa karibu na dirisha. "Leslie anakula hapa kila Jumapili. Pale. Alinitengenezea paa. Mama alipougua yeye ndiye aliyekuwa akimbeba mpaka bafuni. Alinisikia nikimtukana Neville na akaninyamazia?"

Ruth aliinuka, akazima jiko.

"Nataka kujua kitu kimoja tu," Enid alisema. "Kama aliniacha au hakuniacha. Mengine fanyeni nyinyi."

*

Leslie Grummitt aliketi wima katika chumba cha mahojiano, tai yake imenyooka. Wakili wake alikuwa amemwonya asiseme neno. Ruth alimsomea onyo lake: halazimiki kusema, na atakalolisema laweza kutumika kuwa ushahidi. Kinasa sauti kikawashwa.

"Nani alilijenga sanduku la Kakakuona, Bwana Grummitt?"

Kimya.

"Neville Sardeson alikwenda Kanada kwa ndege au kwa meli?"

Kimya. Wakili aliandika kitu, akaridhika.

Ruth alifunga faili. Alimgeukia Maltby kana kwamba mzee hayupo.

"Sajini, fundi wetu kasemaje kuhusu lile sanduku?"

"Kazi ya ovyo, afande. Anasema lilipigwapigwa na mtu wa kutengeneza mabanda ya kuku."

Leslie aliinyoosha tai yake.

"Na mbao?"

"Takataka. Pembe hazikutani."

"Kokoto?"

"Za barabarani. Mtu kazoa tu na koleo, kamwaga."

"Za baharini," alisema Leslie.

Wakili alimgusa mkono. "Bwana Grummitt."

"Za baharini," Leslie alirudia, shingo imemwiva. "Za mviringo. Za barabarani zina kona, zinakaa vibaya, risasi inapenya. Zile ni za ufukweni, saizi moja, nilizi..."

"Ulizifanya nini?" Ruth aliuliza kwa upole.

Wakili alisema jambo kuhusu mapumziko. Leslie hakumsikia. Ruth alisukuma picha mbili mbele yake: kasha la wanajeshi na ukuta wa Kakakuona.

"Hawa walikuwa na haraka. Huyu hakuwa na haraka. Wewe unayatambua magari ya watu wengine kwa nati moja, Bwana Grummitt. Hili ungesema ni la mwaka gani?"

Mzee aliitazama picha kwa jicho lake moja. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka kubeba kitu kizito.

"Nilijua walizipiga nyundo," alisema. "Unadhani sikujua? Rangi nilipaka tabaka zote tatu, nikaziacha juani zipasuke. Mbao nilizitoa kwenye kibanda cha zamani cha wanajeshi. Lakini skrubu... Nilijaribu. Niliiacha moja imelala upande. Nikaenda nyumbani. Kesho yake nikarudi nikainyoosha. Sikuweza kuiacha."

"Kwa nini ulilijenga?"

"Kwa sababu halikuwepo. Nililiona shambani, zima, nikawatangazia wote. Gazeti likaandika. Nilipokwenda kulichukua, mkulima alikuwa amelichoma kuni. Limebaki lori tupu." Aliigusa picha kwa kidole. "Mimi sikusoma chuo, Inspekta. Nilikuwa karani wa ghala. Kitu pekee nilichokuwa nacho ni kwamba nikisema jambo, watu wanasema: Leslie hakosei. Nikajifungia bandani, nikawakataza watu wasije mpaka Jumamosi ya maonyesho."

"Neville akaja."

"Alikuja mapema. Alikuwa na chupa ya bia mkononi, ananiletea. Akanikuta nimesimama ndani na koleo, najaza ukuta wa mwisho." Aliisukuma picha kando. "Akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Akapanda juu, akasema, Les, umejenga banda la kuku. Ngoja niwaambie kule baa. Nikamsihi. Akasema, utani tu bwana, watacheka kidogo, kisha yaishe. Nikamsukuma."

"Akaanguka."

"Kinyumenyume. Nyuma ya lori kuna ndoano ya kuvutia trela."

Maltby aliacha kuandika.

"Alikuwa hai?" Ruth aliuliza.

"Kidogo."

"Simu ilikuwepo pale bandani?"

"Ilikuwepo."

"Mbona hukuita gari la wagonjwa?"

Wakili wake sasa alikuwa anatazama sakafu.

"Wangeniuliza alikuwa anacheka nini," alisema Leslie.

*

Haikuwa kawaida kumruhusu jamaa wa marehemu kuonana na mtuhumiwa. Ruth alilijua hilo. Lakini walipomtoa Leslie kumpeleka mahabusu, Enid alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, amevaa koti lake la kanisani, mkoba magotini, na Ruth hakuharakisha mtu.

"Bi. Enid," alisema, "nitakuja kukueleza mwenyewe."

"Najua. Asante, mwanangu." Enid alisimama. "Lakini kwanza namtaka yeye."

Leslie alisimama mbele yake, pingu mikononi. Tai walikuwa wamemvua. Shingo yake ilionekana nyembamba kama ya kuku.

"Enid," alisema. "Mfereji wa paa lako, ule wa nyuma, umeanza kuvuja. Mwambie Colin auzibe kabla ya mvua. Yeye atasema hauna neno, usimsikilize."

"Leslie."

"Na ile bawaba ya mlango wa..."

"Leslie. Miaka yote hii umekaa mezani kwangu. Ulikuwa unafungua mdomo kama mtu anayetaka kusema jambo, halafu unasifu viazi."

"Nilitaka kukwambia. Kila Jumapili nilikuja nikiwa nataka kukwambia."

"Na mimi nikakuongeza viazi." Sauti yake ilikatika. Akaikusanya upya. "Basi leo hakuna viazi. Sema."

Maltby alimtazama Ruth. Ruth alitikisa kichwa: ngoja.

"Nilimuua," alisema Leslie. "Alinicheka, nikamsukuma. Kanada niliibuni mimi. Begi lake nililichoma."

"Hayo nimekwishayajua. Nimeyajua tangu nilipoulizwa habari za mkono wake." Alimsogelea. "Nakuuliza neno aliloniachia. Ulisema alikwambia uniage. Alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Hakusema kitu kwa nini?"

Mzee alishusha kichwa, akakiinua tena. Kwa mara ya kwanza, jicho lake lililokuwa wazi lilimtazama usoni.

"Kwa sababu hakuwa anakwenda popote. Alikuwa arudi nyumbani kula chakula cha jioni." Machozi yalimtoka upande mmoja tu, upande usio na bendeji. "Hakukuacha, Enid. Neville hakukuacha."